Meli Tatu na Sikio Lako la Kushoto

Mwanangu Devotha,

Nimekutuma Kirushya ukamuage shangazi yako, ingawa ungeweza kumuaga kwa simu. Nilitaka utoke nyumbani. Ukiwa hapa unanitazama siwezi kuandika, na kusema nimejaribu wiki nzima nikashindwa. Kila nikianza, wewe unasema, "Mama, si ulienda wewe mwenyewe?" Naingia jikoni kumenya ndizi za sokoni ambazo hakuna aliyeziomba.

Mambo ya nguo, pasipoti na dawa unayajua kuliko mimi. Umesoma chuo cha hoteli Mwanza, mimi sikusoma chuo chochote. Naandika kwa sababu naogopa, na sina neno la kistaarabu zaidi ya hilo. Tangu yule dada wa ofisi ya wakala wa kazi za melini akupigie kwamba kuna nafasi katika meli mbili na uchague moja ukifika Dar es Salaam, kila ninachopika nasahau chumvi. Na tangu juzi ulipomwambia baba yako kwamba utachagua ile kubwa, ya abiria wanaokula chakula cha jioni wakiwa ndani ya suti, nimekuwa natafuta karatasi ya kukuandikia.

Nilipokuuliza kwa nini ile, ulinifuata jikoni ukanijibu kwa sauti ndogo, baba yako asisikie. "Mama, kule wageni hawapigi soga na wahudumu. Wanaagiza tu, basi. Sikio langu bovu halitajulikana."

Ulisema ukitabasamu, kama mtu aliyekwisha pata njia. Mimi nikageuka nikachochea moto. Ningekujibu palepale, mwana wanje, lakini jibu lilikuwa refu. Ndilo hili.

Meli ile naijua. Siyo ileile kwa jina, maana ya wakati wangu nasikia waliiuza, lakini kampuni ni hiyohiyo na desturi ni zilezile. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwangu. Nilikuwa natandika vitanda katika hoteli moja Mwanza, wakaja watu wa kutafuta wafanyakazi, wakatuonyesha picha. Niliona wahudumu wamevaa glovu nyeupe, vifungo vinang'aa, wamesimama wima mbele ya meza ambayo glasi zake sikuweza kujua zipi ni za nini. Nikasema hii ndiyo kazi ya heshima. Kulikuwa na kampuni nyingine siku ile, ndogo, picha zake hazikuwa na glovu wala vifungo, nikaipita bila kuuliza hata swali moja. Niliichagua meli kwa macho. Wewe sasa unaichagua kwa hofu, na sioni kama una nafuu kuliko mimi.

Ngoja nikueleze huduma ya pale ilivyo. Mgeni hatakiwi kukuona ukifanya kazi. Anatoka chumbani kwenda kunywa chai, akirudi kitanda kimetandikwa, taulo zimebadilishwa, viatu vyake vimegeuzwa ncha zielekee mlangoni, na wewe umeshatoweka. Mkikutana kwenye korido unasimama ukutani apite. Jina lake unalijua kabla hajapanda melini. Lako yeye hana haja nalo. Jioni wanaume wanavaa makoti meusi na tai za kipepeo, wanawake magauni yanayoburuta, na asiyevaa hivyo anaombwa kwa adabu akale sehemu nyingine. Wengine walipenda hasa hilo. Walikuwa wamelipa nauli kubwa, na ilinichukua muda kuelewa kwamba sehemu ya nauli ile ilikuwa kwa ajili ya kukaa mahali ambapo wengine hawaruhusiwi kukaa. Chakula kilikuwa kizuri, lakini hata divai nzuri waliandikiwa bili pembeni, nao walisaini bila kutazama, kwa sababu kutazama ni aibu mbele ya majirani wa meza.

Mimi nilianzia vyumbani, baadaye wakanipandisha ukumbi wa chakula. Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri.

Wageni wale hawainui sauti. Kuinua sauti kwao ni ushamba. Na hawageuzi kichwa kumtazama mhudumu. Wanaongea wakitazama mbele, midomo haifunguki, Kiingereza kinatoka kama pumzi. Mhudumu naye haruhusiwi kuwakodolea macho. Unatazama sahani, unatazama mkono wako. Wewe, mwanangu, unasoma midomo. Sijawahi kukuambia kwamba najua, lakini najua. Kanisani unamtazama padri mdomoni kama mtoto anayetazama kijiko. Pale hutapata mdomo wa kutazama. Na kitu kimoja kisichosamehewa ni kumfanya mgeni arudie alichosema. Msimamizi wetu alitufundisha kwamba mgeni akirudia neno, tayari huduma imeharibika.

Kulikuwa na kijana Mfilipino, jina lake Joel, ambaye meza zake zilikuwa jirani na zangu. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Jioni moja bwana mmoja alimwambia, kwa sauti ileile ya pumzi, kwamba mke wake hali karanga. Joel alisikia neno "karanga", akatikisa kichwa kukubali na kutabasamu kama tulivyofundishwa. Alidhani mama anazipenda. Akamletea sahani yenye mchuzi wa karanga. Yule mama alikula kidogo tu, midomo ikaanza kuvimba, akashika shingo, akaangusha glasi. Daktari wa meli alikimbilia ukumbini akiwa na sindano. Mama alipona. Joel aliteremshwa bandari iliyofuata na sanduku lake, na aliponiaga alinishika mkono akasema, "Nilitaka kumuuliza. Niliogopa kumuuliza."

Sasa unaelewa kwa nini nilichochea moto nikanyamaza?

Nilikuwa kwenye meli hiyohiyo ulipougua. Baba yako amekuhadithia kwa kifupi, kama anavyohadithia kila kitu. Ulikuwa hujaanza shule. Homa ilikupanda, shingo ikakakamaa, akakubeba mgongoni mpaka barabarani, akapata gari la kukufikisha hospitali. Kisha akaenda parokiani kumwomba padri aniandikie barua pepe. Ujumbe ulinifikia nikiwa nimebeba supu. Msimamizi alinisomea pembeni ya mlango wa jikoni, kwamba mtoto ana homa ya uti wa mgongo, hajitambui, akaniambia, "Pole sana. Maliza meza zako kwanza."

Nilizimaliza, Devotha. Pande zote yalikuwa maji, hapakuwa na pa kushukia, na hata ningelala chini nikagaagaa ingebaki bahari tu. Nilimimina divai na kuondoa sahani mikono ikiwa imetulia. Mama mmoja aliyevaa lulu aliniambia, "Leo umependeza." Watu wote wale, na huduma yote ile ya kujua nani anapenda mto mgumu na nani mlaini, hakuna hata mmoja aliyeona kwamba anayewamiminia anakufa amesimama. Sikuwachukia. Walikuwa wamelipia wasione.

Tulipofika bandarini ujumbe mwingine ukaja kwamba umepona. Nikamaliza mkataba. Niliporudi, nilishuka kwenye gari hapa Mbuba nikakuta umekaa uani na bibi yako, mnapukuchua maharage, umenipa mgongo, bega la kushoto likinielekea. Nikaita, "Devotha!" Hukugeuka. Nikaita tena. Bibi yako aliinua kichwa, wewe ukaendelea na maharage. Nilisimama na mabegi yangu nikasema moyoni, mtoto amenikataa, na ana haki. Nililia mbele ya majirani waliokuja kunilaki. Ilipita karibu wiki ndipo baba yako alipogundua kwamba ukiitwa kutoka upande wa kushoto husikii. Hukuwa umenikataa. Hukunisikia.

Unajua nilifanya nini badala ya kushukuru? Nilikufundisha kuficha. Nilitoka kwenye meli ile nikiwa nimejaa mafundisho yake. Nikakuambia darasani ukae upande wa kushoto, mbele, ili sikio zima lielekee wenzako. Nikakuambia usiposikia, tikisa kichwa na utabasamu. Maneno ya msimamizi wangu neno kwa neno, nikayapanda kwa mtoto mdogo hapa Ngara. Umeyashika vizuri kuliko mhudumu yeyote. Hata daktari wa vipimo vya kazi ya melini kule Mwanza umempita. Ulinisimulia ukicheka jinsi ulivyoona kivuli chake ukutani kikiinama ukajua ananong'ona nyuma yako, ukabahatisha jibu. Nilicheka nawe. Kisha nikaenda chooni nikakaa huko.

Meli ya pili niliyofanya kazi haihusu uchaguzi wako, lakini nitaigusa, usije ukadhani kwingine kote ni laini. Ile ilikuwa kubwa kama mji, nauli yake ya chini, suti hakuna, watu wanakula na kaptura na malapa. Wahudumu tulivaa vibandiko vya majina, na mgeni anakuita kwa jina lako, anakukumbatia, anakupiga picha. Nilipofika nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Lakini nauli ya chini ilikuwa mlango tu. Soda inalipiwa, kahawa nzuri inalipiwa, intaneti inalipiwa, kiti cha kivulini kinalipiwa, na kila bili ni mhudumu anayeipeleka. Kwa hiyo yule aliyekukumbatia asubuhi, jioni anakufokea kwa ajili ya glasi ya juisi. Anakuita rafiki, halafu anakwenda ofisini kukushtaki. Muziki haunyamazi. Vyumba vya wahudumu viko chini kabisa, karibu na injini, na wengi wetu tulilala tumeziba masikio.

Alasiri moja tumelala mapumziko ya kati ya zamu, moto ukashika kwenye chumba cha kufulia. King'ora kikalia. Niliamka nikatoka na jaketi la kuokolea nikafuata wenzangu. Tulipopangwa na kuitwa majina, binti niliyekuwa nalala naye chumba kimoja hakuitika. Alikuwa ameziba masikio, amelala. Mimi nilitoka nikidhani yuko mbele yangu. Nilitaka kurudi, ofisa akanishika bega akanizuia. Baharia mmoja aliyevaa vifaa vya moshi ndiye aliyekwenda akamtoa, akikohoa kitu cheusi. Moto ulizimwa mapema. Lakini kuanzia siku ile, kila nikirudi likizo nilikuwa nakuja kukutazama ulivyolala. Unalala ubavu wa kulia. Sikio zima linazama kwenye mto. Ukilala hivyo, hata ng'ombe aingie chumbani hujui.

Ndiyo ninayoyaona nikifumba macho siku hizi. Siyo mawimbi. Ni wewe umelala ubavu wa kulia kwenye chumba kisicho na dirisha, kengele inalia, na hakuna anayejua kwamba wewe ni wa kuamshwa kwa mkono, kwa sababu mama yako alikufundisha kuficha.

Meli ya tatu ndiyo ile kampuni ndogo niliyoipita Mwanza. Nilifika kwao nimechoka, sina tena hamu ya vifungo. Ni hao ambao dada wa wakala amekutajia kama chaguo la pili, wenye mshahara wa kuanzia ulio chini kidogo na orodha ndefu ya maswali. Sitakuficha kasoro zao. Meli ni ndogo, bahari ikichafuka inatikiswa zaidi, nilitapika kama mjamzito. Burudani ni chache, na vijana wanachoka upesi kuwatazama wazee wakisoma vitabu. Nauli yao ni kubwa kuliko zote nilizozijua. Lakini mgeni akishalipa amelipa. Anakunywa, anakula, anashuka bandarini kutembezwa, hakuna karatasi inayomfuata. Sikuwahi kufokewa kwa ajili ya bili pale, kwa kuwa bili hazikuwepo. Wageni ni wachache, wahudumu karibu sawa na wao, kwa hiyo una muda wa kumsikiliza mtu mpaka amalize. Jioni wanaume wanavaa koti bila tai, na asiye nalo anakula vilevile.

Huko nilimhudumia mzee mmoja, Bwana Anselm, mjane, aliyekuwa akisafiri mwaka hadi mwaka. Masikio yake yote yalikuwa mabovu, moja zaidi ya jingine. Siku ya kwanza nilipoingia chumbani kwake nikaanza salamu zangu za mafunzo, akanikatisha kwa sauti ya kuvuma. "Sikio hili limekufa! Pita huku!" Akanionyesha kiti upande wa pili. Nilishangaa. Hakuona haya hata kidogo. Alimwambia hivyo kila mtu, mpishi, nahodha, daktari. Na kila aliyeambiwa alihamia upande wa pili, basi, mambo yakaendelea. Nilikuwa nimeishi miaka nikidhani kitu kile kikisemwa dunia itasimama.

Alikuwa amesafiri na makampuni yote, akipenda kuyalinganisha kama baba yako anavyolinganisha mbegu za maharage. Nilimuuliza kwa nini anarudi kwenye kimeli hiki ambacho nauli yake ingempeleka kwingine mara mbili. Akasema, "Kule kwenye suti nililipa ili watu waniogope. Walipoogopa, hawakuniambia kwamba sisikii, nikala miezi nikiwa peke yangu mezani huku nimezungukwa na watu. Kule kwa bei ya chini kila mtu alinipigia kelele. Hapa wananiuliza." Kisha akaniomba nimkatie nyama, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima.

Najua utasema, mama, yeye alikuwa mgeni, amelipa. Mimi ni mhudumu. Ni kweli. Ndiyo maana nakuambia na hili. Huko niliteguka kifundo cha mkono nikibeba masanduku. Nilificha, kama nilivyozoea. Msimamizi wa pale, mama wa Kireno, mwenye maneno makali, aliniona nikishika sahani vibaya akaniita. Nilijua nateremshwa bandari inayofuata kama Joel. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema? Kesho utapokea simu za vyumba mpaka upone." Akanigombeza kwa kuficha, siyo kwa kuumia. Yale maswali yao mengi unayoyakwepa, Devotha, ndiyo hayo. Wanauliza ili wajue wakuweke wapi.

Sisemi watakuchukua. Sijui. Huenda wakisikia habari ya sikio watakataa, na nafasi ya ile kubwa itakuwa imeshachukuliwa na mwingine. Migomba yetu tumeikata yote kwa mnyauko, tumechoma mpaka mashina, na wewe ndiye uliyesema utamjengea baba yako nyumba. Nakuomba uache kilicho mkononi kwa ajili ya kitu ambacho huenda kisiwepo. Mama gani anaomba hivyo? Lakini naomba. Nakuomba kwa magoti, na kama ungekuwa hapa ungeniona nimepiga magoti kweli kwenye sakafu hii. Usipande meli ile. Usipande ukiwa umejificha ndani ya

Niliishia hapo. Uliingia. Naendelea sasa, umeshakwenda kulala, na mambo yamebadilika, lakini sitachana nilichoandika. Kisome chote.

Ulisema, "Shikamoo mama," nikaitika marahaba nimekalia karatasi. Ukauliza naandika nini. Nilikuwa nimejiandaa kusema naandika mahitaji ya sokoni. Badala yake nikakuuliza swali.

"Chuoni walikufundisha kumimina divai?"

"Ndiyo, mama."

"Unasimama upande gani wa mgeni?"

"Kulia kwake."

"Ukisimama kulia kwake, yeye anakuwa upande gani wako?"

Nilikuona ukisogeza bega kidogo, kama unashika chupa, mkono mwingine ukaenda kwenye sikio la kushoto. Kisha uso wako ukabadilika. Sijawahi kuona uso wako hivyo, na naomba nisiuone tena.

Uliniambia, "Wewe ndiye uliyenifundisha." Ukarudia kwa sauti, mpaka baba yako akatoka zizini. "Wewe ndiye uliyenifundisha kutikisa kichwa! Miaka yote! Sasa basi liko kesho, ndiyo unaniambia niseme?"

Sikujitetea. Baba yako aliuliza kuna nini. Ukatoka na simu yako ukasimama pale uani. Nilidhani unampigia rafiki yako ulalamike. Uliweka sauti ya nje, na ukaielekeza simu upande wa kulia, na ndipo niliposikia sauti ya dada wa wakala.

"Devotha, umeshafika?"

"Bado, dada. Nina jambo. Sikio langu la kushoto halisikii. Tangu utotoni."

Nilisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu kesho napanda basi."

"Basi, meli ile kubwa isahau," akasema. Hakuwa mkali, alikuwa kama mtu anayefunga duka. "Hii ndogo nitawauliza. Siwezi kukuahidi. Uje, usije, ni juu yako."

"Nakuja," ukasema. Ukakata simu, ukapita mbele yangu bila kunitazama, ukaingia kulala.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Nimekupokonya kazi usiku wa kuamkia safari. Nimekaa hapa natafuta namna ya kufurahi kwamba hutapanda meli ile, na furaha haiji. Inakuja picha yako Dar es Salaam, kwenye benchi la ofisi, begi miguuni, wanakuambia pole. Nafikiri Joel angekuwa na mama aliyemuuliza swali moja, angekuwa kazini mpaka leo. Halafu nafikiri, au angekuwa kwao hana kazi, anamchukia mama yake. Sijui, mwanangu. Nimezunguka dunia na sijui. Ningekuwa na uhakika ningeandika kwa mwandiko mzuri zaidi ya huu.

Ukinichukia, nichukie ukiwa hai. Na kama wakikukubali, siku ya kwanza, kabla hawajakuonyesha hata chumba, sema kwa sauti ileile uliyoitumia uani. Sijawahi kuisikia sauti yako hiyo. Nilikuwa naogopa na bado nikajivuna.

Jambo la mwisho, nawe bado hulijui. Baba yako alikuwa mlangoni wakati unaongea na yule dada. Unajua alivyo, mpaka leo anasema "meri", na hajawahi kuniuliza habari za huko zaidi ya kama walinilisha. Ulipoingia ndani alivuta kigoda akakaa. Kisha akaniambia, "Mama Devotha, nipatie lile shati jeupe."

Nikamuuliza la nini.

"Namsindikiza."

"Mpaka njia panda ya Nyakanazi?"

"Mpaka huko huko Dar es Salaam. Wakimkubali nitarudi peke yangu. Wakimkataa, mtoto wangu hatapanda basi la kurudi akiwa mwenyewe."

Nimemwambia ni mbali, kwamba kutoka kwao Nyarubungo hadi hapa ndiyo safari aliyoizoea, kwamba Kahama tu ilimchosha. Amesema amesikia. Sasa hivi yuko nje anapaka viatu rangi, na shati nimeshalipiga pasi.

Utakapoisoma barua hii atakuwa amekaa upande wako wa kulia. Mpaka mfike atajifanya hana hofu. Majibu yakichelewa, msikae ofisini mkitazamana. Mchukue ufukweni. Hajawahi kuiona bahari, na mimi niliyeizunguka yote sikuwahi kumpeleka. Mwonyeshe.

Mama yako